Jicho Liwe la Mwisho

Picha yangu ya kwanza ya mtu kwa rangi za mafuta niliianza na jicho. Nilichora kope mojamoja, mboni ikang'aa, nikajipongeza. Siku ya tatu nilipofika kwenye taya ndipo nikaona kwamba jicho limepanda mno. Macho hukaa karibu nusu ya urefu wa kichwa, utosini hadi kidevuni. Sisi wanagenzi huyapandisha kwa sababu tunalisahau fuvu. Nikakwangua yote.

Sasa naanza na rangi moja tu, kahawia ya udongo iliyozimuliwa kwa tapentaini. Naipaka turubai nzima, nyepesi, kisha nafuta kwa kitambaa penye mwanga na kuongeza penye kivuli. Hapo hakuna pua wala mdomo, ni mabaka tu. Mtazame uliyemkalisha huku umefumba macho nusu: vitu vidogo vinapotea, yanabaki mabaka makubwa ya mwanga na giza. Rudi nyuma hatua kadhaa. Ukimtambua akiwa bado kahawia tupu, endelea. Usipomtambua, hakuna rangi itakayomwokoa, na nimejaribu nyingi.

Rangi zenyewe zisikutie hasara. Nyeupe, nyeusi, oka ya manjano (rangi ya udongo) na nyekundu moja zinatosha. Ndizo zinazohusishwa na Anders Zorn, mchoraji wa Sweden aliyefariki mwaka 1920. Buluu haimo, lakini nyeusi ikichanganywa na nyeupe huonekana kama buluu ikikaa kando ya rangi ya joto kama nyekundu.

Paji la uso la picha yangu moja lilipasuka kama tope lililokauka. Kosa lilikuwa langu. Rangi ya mafuta haikauki kama maji. Hukamata oksijeni hewani ikaganda polepole. Kwa hiyo tabaka la chini liwe na mafuta machache ili litangulie kukauka, la juu mengi zaidi. Vanishi ya mwisho nayo isubiri miezi sita au zaidi.

Na vile vitambaa vyenye mafuta ya kitani, yaani mafuta yaliyomo kwenye rangi, usivirundike pamoja jalalani: vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke, au vitie majini.

Kisha ndiyo jicho. Weupe wake usiwe mweupe, maana liko kivulini mwa kope, tumia kijivu. Kile kidoti cha mwanga kwenye mboni ni mguso mmoja wa brashi. Kikikosewa, mimi hukifuta chote nikagusa upya, sikirekebishi.