Usinakili milimita za Torres

Gita langu la tatu nililitengeneza kwa kufuata mchoro wa gita la Antonio de Torres, fundi wa gita wa Hispania wa karne ya 19, sikupunguza wala kuongeza kitu. Uso, yaani ubao wa mbele, milimita mbili na nusu katikati, fito saba ndani zimetandazwa kama mbavu za upepeo, nyuzi zenye urefu wa milimita 650. Siku ya kufunga nyuzi, sauti ilitoka fupi na imeziba, mithili ya mtu anayesema huku kajifunika blanketi. Nilirudia kupima kila mahali. Vipimo vyote vilikuwa sawa. Ubao ndio haukuwa wa Torres.

Kosa hili nawaona wengi wanaoanza wakilifanya, na kinachonisikitisha ni kwamba wanalifanya kwa heshima. Mchoro unakupa unene. Haukuambii ubao ulikuwa mkakamavu kiasi gani mikononi mwa fundi. Vibao viwili vya sprusi, mti wa jamii ya msonobari, hata vya mti mmoja, vinaweza kutofautiana sana. Na randa haina huruma: ukipunguza unene kwa asilimia 10, ukakamavu unapungua kwa takriban asilimia 27.

Kwa hiyo siku hizi nikikaribia milimita tatu naacha kupima unene. Naushika ubao kwa mikono miwili, naupinda kufuata nyuzi zake za mti, kisha kwa kukatisha. Naugonga kwa kidole karibu na sikio. Ukiwa bado unalia juu na mkavu, naendelea. Ukianza kutoa mlio mzito unaokawia kufa, naweka randa chini. Kila mara naupima uzito na kuandika daftarini. Daftari hilo limenifundisha kuliko michoro yote niliyonunua.

Hermann Hauser, fundi wa gita wa Munich, alikutana na mpiga gita maarufu Andrés Segovia mwaka 1924, akalichunguza gita la Segovia lililotoka karakana ya Manuel Ramírez. Gita la Hauser ambalo Segovia aliridhika nalo kweli lilikuja mwaka 1937. Miaka 13! Na huyo alikuwa tayari fundi hodari.

Jambo la pesa: usizimalizie kwenye mbao za mgongo na mbavu, yaani pande za gita. Mwaka 1862 Torres alitengeneza gita lenye mgongo na mbavu za karatasi iliyogundishwa, uso tu ndio ulikuwa wa mbao, kuonyesha kwamba uso ndio unaobeba sauti. Nunua uso mzuri kwanza, uliopasuliwa ili pete za mti zisimame wima.

Nunua pia kipima unyevu. Mimi nilichelewa. Niligundisha fito wakati hewa imejaa unyevu. Gita lilipohamia penye ukavu, uso ukasinyaa, fito zikaukatalia, ukapasuka kuanzia kwenye daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi usoni. Sasa sigundishi kitu kama unyevu umezidi asilimia 50.

Kuhusu shelaki, ile vanishi ya kumalizia, sina mengi: tabaka jembamba, subira, basi.

Lile gita la tatu sikulitupa. Nilikwangua vanishi, nikapunguza uso pembeni kwa msasa, kidogo kidogo, nikifunga nyuzi na kusikiliza kila jioni. Jioni ya nne besi ilifunguka. Nyuzi za juu ziliboreka kiasi tu, kwani fito nilizokuwa nimezigundisha zilikuwa nene mno, na mkono wangu haukuzifikia zote kupitia tundu la sauti.