Mpunga ulioshinda blasti sasa unashindwa: je, mbegu imechakaa?

SWALI: Nimelima aina moja ya mpunga kwa misimu mingi. Niliichagua kwa kuwa inasifika kwa ukinzani dhidi ya blasti, ugonjwa wa mpunga unaoletwa na kuvu (ukungu), na kweli mwanzoni shamba langu lilisimama imara wakati majirani wakipoteza mavuno. Msimu huu majani yalikuwa na madoa machache tu, lakini masuke yalipotoka yakageuka meupe, mapepe matupu. Nilipiga dawa baada ya kuyaona, haikusaidia. Je, mbegu imechakaa? Na je, naweza kujichagulia mbegu yenye ukinzani kutoka shambani mwangu?

JIBU: Pole sana kwa hasara hiyo. Kabla hatujailaumu mbegu, thibitisha kwanza kwamba ni blasti. Shika suke jeupe ulivute. Likichomoka kwa urahisi, na kwenye bua ukakuta tundu au kinyesi cha mdudu, huyo ni kipekecha shina, na dawa ya ukungu haimfanyi kitu. Likigoma, na ukaona pete ya kahawia au nyeusi pale suke linapoungana na bua, hiyo ni blasti ya shingo.

Ikiwa ni blasti, mbegu haijachakaa. Kama haikuchanganyika na aina nyingine, jeni zake, yaani vinasaba vinavyobeba sifa za urithi, ziko vilevile. Kuna mambo mawili yanayoweza kueleza ulichokiona, na mara nyingi huenda pamoja.

La kwanza ni kwamba kuvu inayoleta blasti imebadilika. Jeni nyingi za ukinzani hufanya kazi kama mlinzi aliyeonyeshwa sura ya mwizi mmoja: hutambua protini fulani ya kuvu, na papo hapo mmea huua seli zake zilizoguswa, kuvu ikakosa pa kusonga. Kuvu ikiipoteza protini hiyo au kuibadili, mlinzi haoni kitu. Ndivyo ilivyotokea mwaka 2004 huko Arkansas, Marekani, ambako aina iitwayo Banks ilishambuliwa vikali ingawa ilikuwa na jeni mashuhuri ya Pi-ta. Doa moja la jani hutoa maelfu ya spora, chembe ambazo kuvu huenea kwazo, kila usiku, kwa hiyo ukipanda aina ileile mwaka hadi mwaka, spora chache zilizobadilika zinapata uwanja mzima bila mshindani.

La pili husahaulika hata na wataalamu: ukinzani wa jani si lazima uwe ukinzani wa shingo. Wajapani wana jeni iitwayo Pb1 ambayo nguvu yake huonekana mmea unapokomaa, hasa kwenye suke, na imedumu kwa miongo kadhaa. Aina yako inaweza kuwa na kinyume chake, jani imara na shingo dhaifu. Ukinunua mbegu, uliza swali hilo moja kwa moja.

Ndiyo maana mimi siishangilii mbegu isiyo na doa hata moja. Ninaiamini zaidi ile inayopata madoa machache, madogo, yasiyotanuka, kwa sababu kwa kawaida ukinzani wa namna hiyo hutokana na jeni nyingi ndogo, na kuvu haiwezi kuzikwepa zote kwa badiliko moja. Kuipata kunataka subira. Huko Kolombia, watafiti walipanda vizazi vya mpunga mahali penye aina nyingi za kuvu hii, msimu baada ya msimu, wakibakiza mimea iliyovumilia. Matokeo yake ni Oryzica Llanos 5, iliyotolewa mwaka 1989 na kusifika kwa ukinzani wa kudumu. Jeni mojawapo inayotoa ukinzani wa namna hii, pi21, ilikuwapo kwenye mpunga wa nchi kavu wa Japani, lakini kila ilipohamishiwa aina nyingine wali ulipoteza ladha. Mwaka 2009 watafiti walieleza kwamba jeni inayoharibu ladha ni jirani yake tu kwenye kromosomu, uzi unaobeba jeni, na kwa kutumia viashiria vya vinasaba, yaani alama za kutambua jeni, waliweza kuzitenganisha.

Sasa dawa yako. Ulichelewa, na wengi huchelewa hapohapo. Spora inapotua kwenye mmea wenye unyevu hujenga kidonge cheusi kinachosukuma kwa mgandamizo unaofikia mara 80 ya ule wa hewa, kikatoboa ngozi ya mmea. Trisaiklazoli, dawa ya kuvu inayotumika dhidi ya blasti, huzuia weusi huo, hivyo kidonge hukosa nguvu ya kutoboa. Kuvu ikishaingia, dawa hiyo haina kazi tena. Suke likishakuwa jeupe halirudi. Piga dawa wakati mpunga unapomaliza kubeba mimba na masuke ya kwanza yanapochungulia, kisha urudie kama lebo inavyoelekeza iwapo umande na mvua vinaendelea. Usitumie kundi moja la dawa kila msimu, maana kuvu huzoea dawa kama inavyozoea jeni.

Angalia pia yurea. Naitrojeni nyingi kwa mkupuo mmoja huufanya mmea laini na msitu wa majani kukaa na unyevu hadi saa za mchana. Igawe, na ukiona madoa yenye ncha mbili na kitovu cha kijivu, sitisha mbolea ya kukuzia. Usiache jaruba likauke, kwa kuwa mpunga wenye kiu hushambuliwa zaidi. Silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga, huimarisha ngozi ya mmea. Majivu ya maganda ya mpunga ni chanzo chake kizuri.

Kuhusu kujichagulia mbegu, inawezekana, ila kuna mtego. Suke zima katikati ya yaliyooza linaweza kuwa lilitoka siku chache kabla au baada ya mvua, likaponea bahati. Chagua mimea iliyotoa masuke siku moja na ile iliyougua. Panda mbegu ya kila suke kwenye mstari wake, na pembeni panda mistari ya aina inayougua haraka ili ugonjwa ufike kwa wote. Bakiza mistari inayovumilia angalau misimu mitatu.

Hilo litachukua muda. Kwa msimu ujao, nje ya mistari hiyo ya majaribio, usitumie mbegu ya shamba hili, toa mabua yaliyougua shambani, na tafuta aina mbili au tatu zenye asili tofauti, zinazoiva pamoja, uzichanganye shambani. Katika mkoa wa Yunnan, China, mpunga wa kunata unaougua upesi ulipandwa katikati ya safu za mpunga wenye ukinzani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha blasti kwenye mpunga huo wa kunata ikipungua kwa asilimia 94 kuliko ulipopandwa peke yake.