Usiliache Swali Lako kwa Sababu Wakubwa Wamelichoka

Nimepokea ujumbe wa kijana anayesomea shahada ya uzamivu. Msimamizi wake anamtaka aachane na chaneli za potasiamu, yaani vijilango vya kupitishia potasiamu kwenye utando wa seli, ahamie kwenye jeni, maana huko ndiko ufadhili uliko. "Dokta, nifanyeje?" Nilimjibu kwa ufupi, lakini moyo haukuridhika, ndiyo maana naandika.

Mimi natafiti shinikizo la juu la damu katika mapafu. Si presha ile inayopimwa mkononi. Hii imejificha kwenye ateri zinazopeleka damu mapafuni kutoka upande wa kulia wa moyo, na kuithibitisha lazima katheta, mrija mwembamba, ipitishwe hadi ndani ya ateri yenyewe. Wastani wa shinikizo humo ukizidi milimita 20 za zebaki, ipo. Mgonjwa huanza kwa kuhema akipanda ngazi. Huambiwa ana pumu, au hana mazoezi, na wakati huo wote upande wa kulia wa moyo unazidi kuchoka.

Mwaka 1946 watafiti wa Uswidi, von Euler na Liljestrand, walionyesha, kwa kutumia paka, kwamba oksijeni ikipungua mishipa ya mapafu hubana, ilhali mishipa ya kwingineko mwilini hutanuka. Kwa nini ya mapafu hubana? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye utando wa seli za misuli laini, ile iliyo kwenye kuta za mishipa. Chaneli za potasiamu zikiwa wazi, potasiamu hutoka na seli hubaki na chaji hasi ndani. Zikijifunga, chaji hiyo hupungua, chaneli za kalsiamu hufunguka, kalsiamu huingia na msuli hukaza. Kwa wagonjwa wetu, mkondo wa potasiamu umedhoofika, na seli hizo si kwamba zinakaza tu, bali pia zinaongezeka na kuziba njia ya damu.

Nilipoanza kuyasema haya kwenye mikutano, mtafiti mmoja mwenye jina kubwa alisimama akasema mambo ya chaneli yamekwisha, kwa kuwa dawa za kuzuia chaneli za kalsiamu huwafaa wagonjwa wachache tu kwa muda mrefu. Ukumbi ukacheka. Sijasahau kicheko kile. Ni kweli wanaofaidika ni wachache, lakini dawa moja kutofaa hakufuti chanzo cha ugonjwa. Miaka ya 1960 dawa ya kupunguza uzito iitwayo aminorex iliuzwa Uswisi, Austria na Ujerumani, na wagonjwa wa shinikizo hili wakaongezeka ghafla mpaka ikaondolewa sokoni. Baadaye, maabara ilionyesha kwamba dawa hiyo huzuia mkondo wa potasiamu. Mtu aliyeijua habari hii asingecheka.

Kisha mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzao wakatangaza kasoro za jeni ya KCNK3 kwa wagonjwa wa shinikizo hili, wengine wakiwa wa familia moja. Jeni hiyo hutengeneza chaneli ya potasiamu, TASK-1, na chaneli zenye kasoro zilipitisha mkondo hafifu. Niliisoma makala ile nimesimama. Basi mdogo wangu, mpelekee msimamizi wako hiyo. Anataka jeni, wewe unataka chaneli, na vyote viwili vimo humo.

Ila ujue unachokibeba. Mbinu ya pachi klampu, tunayopimia mkondo wa umeme kwenye chaneli za seli moja, haina huruma. Unashusha mrija wa kioo wenye ncha ya kama maikromita moja, unaigusa seli, unavuta hewa kidogo sana kwa mdomo, na unasubiri ukinzani wa umeme upande hadi gigaomu, yaani omu bilioni, ishara kwamba mrija umeshikamana na seli. Mlango ukifungwa kwa kishindo chumba cha pili, seli imekwenda. Chagua seli ndefu yenye kingo zinazong'aa. Iliyojikunja ikawa duara iache, hata kama ndiyo pekee iliyobaki kwenye sahani.

Vumilia. Nalisema tena, vumilia, kwa sababu fani hii haiwataki wenye haraka ya sifa. Na nenda kliniki. Omba kukaa pembeni daktari anapomtuma mgonjwa atembee kwa dakika sita. Mwangalie anaposimama kuvuta pumzi. Vijana wengi wanajua grafu za ugonjwa huu kuliko wanavyowajua wenye ugonjwa, na hilo halinifurahishi hata kidogo.

Mwisho, daftari la maabara liandikwe siku hiyohiyo: umechukua tawi gani la ateri, mnyama gani, wa umri gani, seli zimekaa muda gani tangu zitenganishwe. Ateri kubwa na zile ndogo hazina mchanganyiko uleule wa chaneli, na ndogo ndizo hasa zinazobana oksijeni ikipungua. Mhakiki wa makala yako atakuuliza ulipima ipi, na ana haki ya kuuliza.