Unajijengea programu kutoka kodi yake, FreeType (maktaba ya kuchora herufi) inaomba HarfBuzz (maktaba ya kupanga herufi za maandishi), HarfBuzz inaomba FreeType, unaanzia wapi?

Kaka wa Bukavu, hapo haujakosea kitu, hizo mbili zinaitana zenyewe, ni vile ziko. Lakini angalia vizuri, kwa FreeType ile HarfBuzz ni ya hiari tu, inasaidia kupanga sura ya herufi, bila yenyewe FreeType inajijenga tu na inatembea. Basi anza na FreeType, weka -Dharfbuzz=disabled kwenye meson (programu inayotayarisha ujenzi), install. Kisha jenga HarfBuzz na -Dfreetype=enabled, itaikuta pale. Kisha rudia FreeType, sasa na -Dharfbuzz=enabled, na folda ya build ya kwanza ufute kabisa juu meson inakumbuka majibu ya zamani, utashangaa mbona haioni HarfBuzz kumbe iko inasoma ya jana.

Ile FreeType ya kwanza usiitoe ee, install ya pili juu yake, maana HarfBuzz tayari imeshika libfreetype.so (faili ya FreeType yenyewe), ukiitoa katikati unavunja programu zingine bure. Na tarball (faili la kodi ulilopakua) usifute mpaka mwisho, hapa kwetu Goma mega zinauma, kupakua kitu kimoja mara mbili ni pesa imeenda.

Ukifika kwa libva (maktaba ya video) na Mesa (maktaba ya michoro) ni mchezo ule ule, nazo zinaitana: libva kwanza bila EGL na GLX (sehemu za michoro zinazotoka kwa Mesa), Mesa, halafu libva tena.

Ila kama masini yako ni seva tu haina skrini, mimi ningeacha yote hayo, kwa nini ukompili vitu vya kuchora herufi na umeme wenyewe unakatika ovyo?