Jibu: Vibali vinavyorudiana, tuanzie wapi kuandika maoni?

Habari ndugu. Umeeleza kwamba kikundi chenu cha wasindikaji wa viungo hapa Mbagala kinataka kupeleka maoni wizarani kuhusu vibali na tozo zinazorudiana, lakini hamjui pa kuanzia.

Jambo la kwanza, hakikisheni kila tozo mnayoilalamikia bado ipo kisheria. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilihamishia usimamizi wa vyakula na vipodozi kutoka TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa) kwenda TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na TFDA ikawa TMDA, mamlaka inayoshughulikia dawa na vifaa tiba. Hata hivyo bado nakutana na wafanyabiashara wanaolalamikia utaratibu wa zamani, na hoja ya namna hiyo hudhoofisha barua nzima.

Maoni yetu ya kwanza yalikuwa manung'uniko matupu, na hayakujibiwa. Mara ya pili tulifuata kundi moja la bidhaa tangu maombi hadi dukani, tukaandika siku zilizotumika, fedha zilizolipwa, na pale ambapo maofisa wa ofisi mbili walikagua chumba kilekile kwa maswali yaleyale. Tuliitwa kwenye kikao. Msiombe ukaguzi ufutwe, kwa sababu usalama wa chakula ndio unaowapa soko; ombeni ufanywe mara moja na matokeo yake yatambuliwe na wote, jambo linaloendana na MKUMBI, mpango wa serikali wa kuboresha mazingira ya biashara ulioanza kutekelezwa Julai 2019.

Ada za halmashauri ziwekeni ukurasa wa peke yake, kwa kuwa msingi wake ni sheria ndogo na njia ya kuzibadilisha ni nyingine.