Kadi za maswali: mbona majibu yangu yote yanafanana?

SWALI: Mimi ni meneja wa bidhaa, yaani mwenye kuamua programu yetu iwe na nini na iboreshwe vipi, mwaka wa pili sasa. Nilinunua pakiti ya kadi 52 za maswali ya kujitafakari. Kila asubuhi nachomoa moja na kuandika jibu daftarini. Baada ya wiki tatu naona majibu ni yale yale: "niwasikilize zaidi watumiaji", "nijifunze kukataa maombi". Nibadili kadi, au ninayekosea ni mimi?

JIBU: Kadi moja kwa siku ni nyingi mno. Si kila siku unafanya uamuzi wa maana, na asiye na la kutafakari huishia kujipa nasaha. Chomoa moja kwa wiki, Alhamisi au Ijumaa, mambo ya wiki yakiwa bado mabichi, uitengee dakika 20.

Kisha geuza mpangilio: uamuzi kwanza, kadi baadaye. Kabla ya kufunua kadi, andika uamuzi mmoja wa wiki hiyo: tarehe, ulichokuwa unajua siku ile, na ulichotarajia kitokee. Ndipo ufunue. Ukianza na kadi utachagua uamuzi unaokupendezesha.

Tuseme umeandika hivi: "Tarehe 4 tumeondoa hatua ya kuthibitisha barua pepe wakati wa kujisajili. Natarajia wanaomaliza wapande kutoka 60 hadi 70 katika kila 100, ndani ya wiki mbili. Ushahidi: mahojiano na watumiaji watano." Kadi inauliza: "Nani hakusikika ulipoamua?" Ukijibu "wahandisi" ukafunga daftari, umekwepa. Warudie wale watano. Wote wana akaunti, yaani wote waliivuka hatua hiyo hiyo unayoilaumu. Walioishia njiani hukumhoji hata mmoja. Sasa una kazi ya Jumatatu: tafuta watu watatu walioacha usajili katikati, uzungumze nao. Kila jibu limalizikie kwenye kazi ya namna hiyo, isiyozidi saa moja au mbili, pamoja na tarehe ya kurudi kuangalia kilichotokea.

Matarajio yaandikwe kabla matokeo hayajaja. Ukichelewa, kumbukumbu itakudanganya kwamba ulijua tangu mwanzo. Wala usiupime uamuzi kwa matokeo peke yake. Uamuzi wa ovyo huweza kubahatisha.

Kuhusu kadi zenyewe, zipitie zote uondoe zinazojibika kwa "ndiyo" au "hapana". "Je, unawasikiliza watumiaji?" Nani atasema hapana? Zinazoanza na "kwa nini" ziandike upya zianze na "nini kilikufanya", maana "kwa nini" humfanya mtu ajitetee hata akiwa peke yake chumbani. Zikibaki 30 tu, bado una za zaidi ya nusu mwaka. Na ile kadi unayotamani kuirudisha chini ya pakiti, itie alama ya penseli. Ikifikisha alama mbili, ndiyo kadi ya wiki ijayo, hakuna kuchomoa.

SWALI: Bosi wetu amelipenda wazo hili na anataka tujibu kadi kwenye mkutano wa timu, watu sita, yeye akiwepo. Tufanyeje?

JIBU: Msianzie hapo. Mbele ya mtu anayepanga daraja lako la utendaji, kila mmoja atatafuta jibu la kupendeza. Anzeni wawili wawili, watu wa ngazi moja: mmoja asome alichoandika kwa dakika 5, mwenzake amuulize maswali kwa dakika 10 bila kumshauri, kisha mbadilishane. Hilo la kutoshauri ndilo gumu. Mameneja wa bidhaa hutoa suluhisho kabla swali halijaisha.

Bosi akitaka kushiriki, achomoe yeye kwanza na ajibu mbele yenu kuhusu uamuzi wake mwenyewe. Na mkubaliane mapema kwamba daftari haliingii kwenye tathmini ya mwaka. Likiingia mara moja tu, mtaanza kuandika insha za kumfurahisha msomaji.