Maswali Yenu: Mhadhara wa Chuo Kikuu, Fundi Anaruhusiwa?

SWALI: Habari za kazi dada. Mi ni fundi friji hapa Ubungo, nimeishia form foo. Mteja wangu kanitumia tangazo wasap la mhadhara wa wazi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mada ni uchumi wa Afrika, nimeipenda sana ila najiuliza, mtu kama mimi getini si watanirudisha? Na wakiongea kiingereza tupu nitatoka na nini? Mke wangu anasema hayo ni mambo ya wasomi niachane nayo. (Fundi, Ubungo)

JIBU: Fundi nenda, tena nenda na shemeji. Tangazo likishaandika "wazi" au "wa umma" basi na wewe ndo umma wenyewe, hakuna anayekudai cheti. Lisome tu mpaka chini maana mengine wanataka ujiandikishe mapema, na ubebe kitambulisho. Kama ni ukumbi wa Nkrumah we mbona ulishauona, tafuta ile noti ya zamani ya mia tano uigeuze nyuma, lile jengo ndo lenyewe.

Na usione kama unadandia mambo ya watu. Walter Rodney, yule mwanahistoria wa Guyana aliyefundisha hapo Mlimani, kabla ya kurudi Dar mwaka 1969 alikuwa anafundisha chuo kikuu Jamaika, na akitoka darasani alikuwa anakwenda mitaa ya watu wa chini kabisa Kingston, anakaa na marasta na watu wasio na kazi wanaongea historia ya Afrika. Serikali ya kule ikaogopa, Oktoba 1968 ikamzuia asiingie tena nchini, watu wakaandamana mjini. Yaani mtu akafungiwa nchi kwa sababu ya kuongea na watu kama mimi na wewe! Kile kitabu chake cha Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka 1972 akiwa hapahapa Dar. Sa hebu niambie, uchumi wa Afrika ukiongelewa Mlimani fundi wa Ubungo anakuwaje mgeni?

Kwenye lugha hapo umenigusa, na mimi inaniuma. Sokoni kiswahili, bungeni kiswahili, kwenye ibada kiswahili, halafu anayekuja kuongelea umaskini wetu anauongelea kwa lugha ambayo maskini mwenyewe haisikii vizuri. Si wote lakini, wapo maprofesa wanaofanya makusudi kutumia kiswahili, Issa Shivji aliyekuwa wa kwanza kukalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere, kile kiti cha uprofesa hapo Mlimani, ni mmoja wao, na Penina Mlama aliyempokea kiti hicho ni mwandishi wa tamthilia za kiswahili. Ila wakija wageni, kama mwaka 2009 alipokuja Wole Soyinka, yule mwandishi wa Nigeria, kiingereza hakikwepeki.

Mi nakushauri hivi, hata mhadhara ukiwa kiingereza wewe swali lako uliza kwa kiswahili. Nimeshaliona kwa macho yangu, mzee mmoja alisimama nyuma kabisa, kofia kaishika mkononi, maiki kaiweka mbali na mdomo hadi kijana akamsogezea, akauliza swali moja tu, kwamba hiyo asilimia ya ukuaji wa uchumi mnayoitaja mbona kwangu haijafika, imepitia njia gani? Ukumbi mzima kimya. Mwenyekiti akajibu kwa kiswahili, mchokoza mada naye akahamia kiswahili, na kuanzia hapo hakuna aliyerudi kwenye kiingereza mpaka tunatoka. Swali moja lile.

Uliza fupi basi. Mara nyingi wanakusanya maswali matatu matatu ndo wanajibu, sasa ukihutubia dakika tano swali lako linasahaulika. Jina, unatokea wapi, swali, kaa. Na nenda na daftari, ukikuta neno hulijui liandike unavyolisikia, ukitoka mfuate mwanafunzi yeyote muulize, wengi watafurahi kukueleza.

SWALI: Mi ni mwalimu wa sayansi sekondari Morogoro. Wanafunzi wangu wanaona sayansi ni ya kukariri tu, na huku mihadhara ya hivyo hatuipati. Nifanyeje? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Mwalimu, jibu lako linafanana na la fundi. London miaka ya 1800 na kitu kulikuwa na kijana anaitwa Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, shule kidogo sana, kazi yake ilikuwa kujifunza ufundi wa kujalidi vitabu. Mwaka 1812 mteja wa pale dukani akampa tiketi za mihadhara ya mkemia Humphry Davy. Akaenda, akaandika kila kitu, akajalidi yale maandishi yakawa kitabu akampelekea Davy mwenyewe, na mwaka 1813 akachukuliwa kuwa msaidizi wa maabara. Ndo huyohuyo aliyekuja kugundua kanuni ambayo jenereta zote zinaitumia mpaka leo.

Alipokuwa mkubwa na yeye akawa anawafundisha vijana kipindi cha Krismasi, na mihadhara yake inayokumbukwa zaidi ilihusu mshumaa tu, huu wa dukani.

Kwa hiyo anza na huo. Funga madirisha upepo usiingie, washa mshumaa uache uwake dakika kadhaa, halafu uzime taratibu. Utaona uzi wa moshi mweupe unapanda. Upesi sogeza kiberiti kilichowashwa kwenye ule moshi, juu kidogo ya utambi, usiuguse utambi wenyewe. Moto utateremka kwenye moshi mpaka chini na mshumaa utawaka tena. Usiwaambie bado kwamba ule moshi ni nta iliyogeuka mvuke na mvuke ndo unaoungua. Waulize kwanza kilichoungua ni nini, na uwaache wabishane hadi kengele ilie.